Sekondari za Chicago na mwaka mmoja unaoamua mengi

Waulize walimu wa sekondari kwa nini mwanafunzi fulani amefeli na majibu hayatapishana sana: mvivu, hana msingi, nyumbani hafuatiliwi, simu imemharibu, mtaa anaotoka ni wa fujo. Kila jibu lina ukweli ndani yake, ndiyo maana ubishi huu hauishi. Kila anayebisha ana mtoto wa kumtolea mfano. Kisa cha Chicago kina faida moja kubwa. Huko walikuwa na kumbukumbu za wanafunzi wa jiji zima, mwaka hadi mwaka, na watafiti waliokaa nazo muda mrefu kiasi cha kuona nani aliishia wapi. Walichokikuta hakikuwa kile ambacho wengi walikitarajia, walimu wakiwemo.

Tuelewane kwanza kuhusu mfumo wenyewe, maana bila hilo takwimu zinazofuata zitaelea hewani. Chicago shule ya msingi huishia darasa la 8, na sekondari ni miaka minne, darasa la 9 hadi la 12. Hakuna mtihani mmoja wa mwisho unaoamua nani apate cheti. Kila somo lina mwalimu wake, na mwisho wa muhula mwalimu huyo hutoa alama kuanzia A hadi F kwa kujumlisha kazi za nyumbani, majaribio ya darasani na mitihani. F ni kufeli. Ukifaulu somo unapata krediti, na krediti zikitimia unahitimu. Mwanafunzi anaweza kuwa na akili za kumtosha na bado akakosa cheti, kwa kuwa krediti hutolewa kwa kazi iliyofanywa na kukabidhiwa.

Jiji lililokuwa limekatiwa tamaa

Novemba 1987 Waziri wa Elimu wa Marekani, William Bennett, alitamka hadharani kwamba shule za Chicago ndizo mbovu kuliko zote nchini. Kauli ilikuwa kali, lakini hata wakazi wa jiji hawakuwa na mengi ya kuitetea. Mwaka uliofuata bunge la jimbo la Illinois lilipitisha sheria ya mageuzi iliyoipa kila shule baraza lenye wazazi na wakazi wa eneo. Mwaka 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago, Anthony Bryk akiwa mstari wa mbele, waliunda muungano wa kufuatilia mageuzi hayo kwa takwimu. Mwaka 1995 shule zikawekwa chini ya meya, Richard M. Daley, na muda si mrefu watoto wa darasa la 3, la 6 na la 8 wasiofikia alama iliyowekwa kwenye mtihani wakaanza kukaririshwa darasa. Macho ya wote yalikuwa kwenye mitihani.

Wakati huo huo sekondari zilikuwa zikipoteza karibu nusu ya wanafunzi wake njiani, na kila mtu alikuwa na maelezo tayari. Kuacha shule kulichukuliwa kuwa jambo linalomkuta kijana wa miaka 16 au 17: msichana kapata mimba, mvulana kapata kibarua au kaingia kwenye genge. Yaani kilichowatoa kilitoka nje ya geti la shule, na mwalimu angefanya nini? Maelezo hayo yalikuwa yanafariji, na nadhani ndiyo sababu yalidumu.

Melissa Roderick, profesa wa chuo hicho hicho, hakuridhika nayo. Alikwisha kuchunguza kumbukumbu za wanafunzi wa Fall River, Massachusetts, na kuona kwamba wengi wa walioacha shule walianza kuteleza mapema, wakati wa kuvuka kutoka shule moja kwenda ya juu yake. Siku kijana anapoondoka, alama zake zinakuwa zimekwisha kulisema hilo zamani.

Kigezo kimoja chepesi

Watafiti wa ule muungano walitengeneza kipimo ambacho mtu yeyote mwenye ripoti ya mwanafunzi anaweza kukikokotoa kwa dakika moja. Mwanafunzi anahesabiwa yuko kwenye mstari ikiwa amemaliza darasa la 9 na krediti za kutosha kuingia darasa la 10, na hana F ya muhula zaidi ya moja katika masomo ya msingi: Kiingereza, hisabati, sayansi na maarifa ya jamii. Vinginevyo yuko nje ya mstari. Basi, hakuna zaidi ya hapo. Hakuulizwa kipato cha wazazi wala alama za mtihani.

Mwaka 2005 Elaine Allensworth na John Easton walichapisha matokeo ya wanafunzi walioingia sekondari mwaka 1999. Kati ya waliokuwa kwenye mstari mwishoni mwa darasa la 9, asilimia 81 walihitimu ndani ya miaka minne. Kati ya waliokuwa nje, asilimia 22.

Pengo hilo peke yake lingeweza kupuuzwa. Mtu angesema: bila shaka, wenye akili wanafaulu darasa la 9 na wenye akili wanahitimu, kuna jipya gani? Lakini walipowagawa wanafunzi kwa alama za mtihani walizotoka nazo darasa la 8, hesabu ilikataa. Wale wa robo ya chini kabisa, waliokuja sekondari msingi ukiwa dhaifu, wakimaliza mwaka wa kwanza wakiwa kwenye mstari walihitimu kwa asilimia 68. Wale wa robo ya juu, vichwa vya darasa, wakimaliza mwaka huo nje ya mstari walihitimu kwa asilimia 37. Mtoto dhaifu aliyeshikilia mwaka wa kwanza alikuwa na matumaini karibu mara mbili ya mtoto hodari aliyeuachia.

Hapo ndipo neno "msingi" linapoanza kuyumba. Msingi upo na unahesabika, hakuna anayebisha, ila haukuwa ukiamua kama tulivyozoea kuamini.

Siku tano za kutokuwepo

Swali lililofuata lilikuwa rahisi kuuliza: kama si akili, ni nini kinamtoa mtoto nje ya mstari? Ripoti ya mwaka 2007, ya Allensworth na Easton tena, ilijibu kwa neno ambalo halina mvuto wowote kwenye mikutano ya elimu. Mahudhurio. Katika kutabiri nani angefeli masomo darasa la 9, mahudhurio yalikuwa na nguvu mara nane ya alama za mtihani za darasa la 8.

Tazama namba zenyewe. Muhula mmoja una takriban siku 90 za masomo. Wanafunzi waliokosa siku zisizozidi 4 kwa muhula walihitimu kwa asilimia 87. Waliokosa siku 5 hadi 9, yaani wiki moja hivi au karibu mbili, walihitimu kwa asilimia 63. Si watoro sugu hawa. Ni watoto ambao mzazi angesema wanaenda shule vizuri tu, na mwalimu angekubaliana naye. Na kuna ulinganisho mmoja katika ripoti hiyo ambao ningeubandika ukutani kwenye kila ofisi ya walimu: mwanafunzi aliyeingia na alama za juu, akakosa wiki mbili kwa muhula, alifeli masomo mengi kuliko aliyeingia na alama za chini akakosa wiki moja tu.

Kwa nini siku chache zinauma hivyo? Sehemu ya jibu iko kwenye jinsi sekondari inavyoendeshwa. Mahudhurio huchukuliwa kipindi kwa kipindi, na mtoto anaweza kuwa ndani ya jengo na bado asiwe darasani. Anayechelewa basi kila Jumatatu na Alhamisi hakosi shule, anakosa kipindi cha kwanza. Kama kipindi cha kwanza ni hisabati, F itakuja kwenye hisabati peke yake, na atakayeiona ataamini kwamba mtoto hajui hesabu.

Sehemu nyingine ni hesabu za alama zenyewe, na hapa inafaa kukaa kidogo. Chukua mwanafunzi aliyepewa kazi tano zenye uzito sawa. Nne kafanya na kupata 80, 75, 78 na 82. Ya tano hakuwepo ilipotolewa, hakuiulizia, mwalimu kaandika sifuri. Jumla ni 315, wastani 63. Bila ile sifuri wastani wake ungekuwa karibu 79. Sasa mkoseshe na ya nne, ile ya 82: jumla inabaki 233, wastani unaanguka hadi chini ya 47. Kwa kipimo kinachotumika sana Marekani, ambapo chini ya 60 ni F, mtoto huyo amefeli somo ambalo kila alipolijaribu alipata 75 au zaidi. Ripoti haitaeleza hayo. Itaandika F, na mzazi atasoma "hajui".

Sisemi sifuri ifutwe. Kuna walimu wanaoitetea kwa hoja nzito, kwamba kazi isiyofanywa haiwezi kupewa alama ya kazi iliyofanywa. Ninachosema ni kwamba F mbili zinazofanana kwenye karatasi zinaweza kuwa na chanzo tofauti kabisa, na tiba ya moja haiponyi nyingine. Asiyeelewa anahitaji kufundishwa upya. Asiyekabidhi anahitaji mtu wa kumuuliza kazi iko wapi, mapema, kabla haijawa sifuri.

Uhuru unaowamaliza

Mtoto yule yule, miezi mitatu kabla, alikuwa akifanya vizuri shule ya msingi. Nini kimebadilika? Utafiti mwingine wa muungano huo, uliotoka mwaka 2014, uliwafuata wanafunzi kutoka darasa la 8 kuingia la 9. Kwa kipimo cha pointi nne, ambapo A ni 4 na F ni 0, wastani wa alama ulishuka kwa nusu pointi, na siku za kukosa masomo bila ruhusa ziliongezeka karibu mara nne. Akili haipungui kiasi hicho katika likizo moja.

Kilichopungua ni macho ya watu wazima. Darasa la 8 mtoto anakaa na walimu wachache wanaomjua mpaka ndugu zake. Asipoonekana saa mbili asubuhi, saa tatu simu imeshapigwa nyumbani. Darasa la 9 kengele inalia, anabeba begi, anahamia chumba kingine kwa mwalimu mwingine ambaye kwa siku anakutana na vijana zaidi ya 100. Akikosekana, kila mwalimu anadhani yuko kwa mwenzake au anaumwa. Hakuna aliyemfukuza wala aliyemtesa. Ameachiwa tu, na wanaomwachia wanaamini wanamlea: ni mtu mzima sasa, ajifunze kujitegemea. Kwa kijana wa miaka 14 hilo ni somo gumu kuliko aljebra, na hakuna aliyemfundisha.

Halafu kuna kinachotokea kichwani mwake baada ya F ya kwanza. Mwaka 2012 Camille Farrington na wenzake walikusanya tafiti kuhusu tabia na fikra zinazohusiana na alama, wakaona kuna imani nne zinazofanya mwanafunzi aendelee kujituma: kwamba hapa ni mahali pangu, kwamba uwezo wangu unakua nikijibidiisha, kwamba hili naliweza, na kwamba kazi hii ina maana kwangu. F ya kwanza inaweza kuzigonga zote nne kwa mpigo. Kijana anayeisoma kama taarifa ya sifuri mbili atazitafuta hizo kazi. Anayeisoma kama hukumu ataanza kukwepa chumba hicho, kwa sababu kukaa dakika hamsini mahali unapoonekana mjinga kunachosha. Kukwepa kunazaa sifuri nyingine. Ukiwahubiria wanafunzi hawa kujiamini bila kuugusa mduara huo, mahubiri yatakwisha kabla ya kengele ya kutoka.

Walichokifanya

Mwaka 2003 uongozi wa shule za jiji, chini ya Arne Duncan, uliingiza kipimo hiki kwenye vigezo vya kuzipima sekondari. Kwa miaka kadhaa hakikubadilisha mengi, na sababu iko wazi ukiifikiria: shule ilikuwa ikiambiwa asilimia yake baada ya mwaka kwisha, wakati waliofeli wamekwisha kufeli. Takwimu ya namna hiyo inafaa kulaumiana tu.

Badiliko lilikuja kama mwaka 2008, shule zilipoanza kupewa orodha za majina wakati mwaka ukiendelea. Orodha moja ilionyesha, kabla ya masomo kuanza, watoto walioelekea kupata shida kwa kuangalia mahudhurio na alama zao za darasa la 8. Nyingine zilitoka kila baada ya robo ya mwaka, zikionyesha nani amekosa siku ngapi na ana F ya somo gani. Chuo Kikuu cha Chicago kilikuwa pia na mtandao wa kuzisaidia shule kadhaa kuzitumia orodha hizo; Roderick alikuwa mmoja wa walioanzisha.

Kikao kinachozaliwa na orodha ya namna hiyo ni kitu kidogo sana kukiangalia. Walimu wanne wanaofundisha watoto wale wale wanakaa kuzunguka meza moja, karatasi mbele yao. Wanafika jina la mvulana fulani. Mwalimu wa Kiingereza anasema ana F, hakabidhi chochote. Wa sayansi anashangaa: kwangu ana B, na ndiye anayeongoza kundi lake maabara. Wa hisabati anaangalia daftari la mahudhurio, kumbe kipindi chake ni cha kwanza na mvulana amefika mara mbili wiki nzima. Mpaka hapo kila mmoja alikuwa na mtoto wake kichwani, mvivu wa mmoja na hodari wa mwingine. Sasa wana mtoto mmoja, na maswali yanabadilika. Nani anamchelewesha asubuhi? Kwenye sayansi kuna nini ambacho kwenye Kiingereza hakipo? Nani kati yetu anasikilizana naye, amuite leo? Kikao kinahamia jina linalofuata.

Hakuna mtaala mpya hapo, wala mafunzo ya wiki mbili hotelini. Kuna dakika tano juu ya mtoto mmoja, na mtu mmoja anayeondoka na jukumu la kumfuata. Shule zilizofanikiwa ziliongeza mengine kulingana na hali zao: muda wa kukamilisha kazi zilizokosekana, kambi fupi ya kiangazi ya kuzoea shule mpya, walimu wenye moyo kupangiwa darasa la 9 badala ya darasa hilo kuachiwa wageni wa kazi. Hili la mwisho huwa halisemwi vya kutosha. Walimu wazoefu hupenda madarasa ya juu, na wanaohitaji uzoefu wao zaidi ni wale walioingia jana.

Asilimia ya wanafunzi waliomaliza darasa la 9 wakiwa kwenye mstari ilipanda kutoka 57 mwaka 2007 hadi 82 mwaka 2013. Kwa wavulana Waamerika weusi, ambao kila takwimu ya shule za jiji ilikuwa ikiwataja mwisho, ilitoka 43 mwaka 2005 hadi 71 mwaka 2013. Idadi ya wanaohitimu ikafuata. Ripoti ya Roderick na wenzake ya mwaka 2014 ilichunguza shule zilizotangulia kubadilika na kukuta kwamba watoto waliookolewa darasa la 9 hawakuja kuanguka la 10 au la 11. Walisonga mbele.

Je, alama zilipikwa?

Swali hili ni halali, na anayesimulia kisa cha Chicago bila kulijibu anauza kitu. Mwalimu mkuu akijua shule yake inapimwa kwa idadi ya F, njia rahisi kuliko zote ni kuwaambia walimu waache kutoa F. Walimu walilalamika kuhusu shinikizo la aina hiyo, na sioni sababu ya kudhani walikuwa wanatunga.

Kuna ushahidi unaokwenda upande wa pili. Miaka hiyo wanafunzi wote wa darasa la 11 Illinois walifanya ACT, mtihani wa kitaifa wa kuombea nafasi chuoni, ambao mwalimu wa shule hana namna ya kuupika. Kama wanafunzi wa Chicago walikuwa wakisukumwa juu bila kujua kitu, wastani wa ACT ulipaswa kuporomoka kadiri watoto wengi zaidi, tena dhaifu zaidi, walivyofika darasa hilo. Katika shule zilizochunguzwa haukuporomoka. Na kupanda kwenyewe kulionekana kwa wanafunzi wa viwango vyote, si kwa wale wa ukingoni mwa F pekee.

Upande wa kuhitimu ulikuwa na doa la kweli. Waandishi wa redio ya WBEZ na wa Better Government Association, shirika la uchunguzi wa serikali, walifichua kwamba baadhi ya wanafunzi walioacha shule waliandikwa kuwa wamehama au wanasomeshwa nyumbani, na hivyo hawakuhesabiwa. Oktoba 2015 uongozi wa shule ulisahihisha takwimu zake. Kiwango cha kuhitimu cha mwaka 2014, kilichotangazwa kuwa asilimia 69.4, kikashushwa hadi 66.3. Mwelekeo wa kupanda ulibaki, lakini funzo kwa anayetaka kuiga lilikuwa bayana. Kipimo kikianza kutoa tuzo na adhabu, kutakuwa na mtu atakayekishughulikia kipimo badala ya mtoto.

Na nyumbani je?

Mwaka 1966 ripoti iliyoongozwa na James Coleman, iliyotokana na wanafunzi zaidi ya 600,000 wa Marekani, ilihitimisha kwamba tofauti za alama zinaelezwa zaidi na familia na wenzake mtoto kuliko vifaa na bajeti ya shule. Coleman baadaye alikuja kufundisha Chuo Kikuu cha Chicago, mwendo mfupi tu na baadhi ya shule ninazozizungumzia. Je, kisa hiki kinamkanusha?

Sidhani. Umaskini haukuondoka Chicago kati ya 2007 na 2013, na fujo za mitaani hazikuondoka. Mwaka 2010 Patrick Sharkey alionyesha kwamba watoto wa jiji hilo waliopimwa ndani ya wiki moja baada ya mauaji karibu na makazi yao walipata alama za chini kuliko wenzao wa mtaa huo huo waliopimwa wakati mwingine. Hakuna kikao cha walimu kinachofuta usiku wa namna hiyo, na mtu anayesema mazingira ni kisingizio hajawahi kumfundisha mtoto aliyelala akisikia risasi.

Ila ukifuatilia jinsi nyumbani kunavyoingia kwenye ripoti ya mwanafunzi, mara nyingi kunapita mahali pamoja. Mama anayefanya kazi ya usiku hageuki kuwa F moja kwa moja. Anageuka kuwa dada mkubwa anayepeleka wadogo zake shule kwanza, anayefika darasani dakika ishirini zimepita, anayekosa maelezo ya kazi, anayeandikiwa sifuri. Mlolongo ni mrefu, na pete zake za mwisho ziko ndani ya shule. Shule haiwezi kumbadilishia mama zamu ya kazi. Inaweza kuhamisha hisabati kutoka kipindi cha kwanza kwenda cha nne.

Kuna wasiosaidiwa na ratiba wala simu ya nyumbani, kwa kuwa wako nyuma kweli kweli. Kijana wa darasa la 9 anayehesabu kama wa darasa la 5 akihudhuria kila siku atakuwa shahidi mwaminifu wa kutoelewa kwake. Kwa hao Chicago ilijaribu kitu kingine kuanzia mwaka wa masomo wa 2013: kipindi kizima kila siku, ndani ya ratiba ya kawaida, wanafunzi wawili na mkufunzi mmoja wa hisabati. Kilipimwa kwa bahati nasibu, waliochaguliwa na wasiochaguliwa wakilinganishwa, na alama za hisabati zilipanda kiasi cha kuwashangaza waliokuwa wameamini kwamba umri wa miaka 15 ni kuchelewa. Ni ghali, na ndicho kikwazo chake pekee kikubwa.

Miaka iliyofuata shule kadhaa za Chicago ziliacha kuhesabu F peke yake. Mwanafunzi mwenye D nne yuko kwenye mstari kwa kipimo kile cha mwanzo, lakini D hazimpeleki mbali: utafiti wa Allensworth na Kallie Clark uliochapishwa mwaka 2020 ulikuta kwamba wastani wa alama za sekondari unatabiri nani atamaliza chuo kwa nguvu mara tano ya mtihani wa ACT. Kwa hiyo orodha zimepata safu mpya. Kando ya walio hatarini kufeli kuna majina ya wenye C ambao wangeweza kufika B, watoto wanaohudhuria, wasio na kelele, ambao hakuna mwalimu aliyewahi kuwajadili kikaoni kwa sababu hawakuwahi kumsumbua mtu.